Sifuri Mbili na Binti Aliyekataa Wachumba

Swali lenyewe ni fupi: ulikuwa na umri gani ulipojamiiana kwa mara ya kwanza? Limo katika dodoso la Utafiti wa Demografia na Afya, ambao Kenya huufanya kila baada ya miaka kadhaa, na huulizwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Jibu lake ni tarakimu mbili. Aliyeanza na miaka 17 anaandikiwa 17. Ambaye hajawahi anaandikiwa 00. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilipozunguka kaunti zote 47 mwaka 2022, majibu yaliingizwa kwenye vishikwambi. 00 ikishabonyezwa, maswali ya mara ya mwisho, ya mwenzi na ya kondomu hayatokei tena. Mahojiano yanahamia mengine.

Hebu tumwaze mkulima mmoja wa Njukini, kule kaskazini ya Taveta, ukishapita Ziwa Chala ukielekea Illasit na Loitokitok, mahali ambapo Rombo ya Tanzania iko ng'ambo tu ya mpaka. Ni mwanamke wa miaka 38. Ana mahindi na migomba, siku za soko hushuka Taveta na mikungu ya ndizi, analea mtoto wa marehemu dadake na hakosi mazoezi ya kwaya. Hajaolewa, hajalala na mtu, na katika umri wake wote hajamtamani mtu. Hakudhulumiwa utotoni, hakukatazwa na wazazi, hakuweka nadhiri. Mama mchungaji amemwombea. Shangazi yake amemtafutia mgane mwenye ng'ombe. Yeye mwenyewe haoni shida iko wapi. Mhojaji akifika kwake atampa 00. Katika boma la jirani yuko msichana wa shule, miaka 15, naye atapewa 00. Umri wao umeandikwa kwingine, ndiyo, lakini kuhusu jambo hili lenyewe dodoso haliwezi kuwatofautisha.

Watu kama mkulima huyu ndio ambao siku hizi hujiita aseksuali: wasiovutiwa kingono na mtu yeyote, awe mume awe mke. Wako wanaopenda, wanaotaka mwenzi wa maisha, hata wanaooa na kuolewa. Kinachokosekana ni ule mvuto wa mwili. Mjadala kuwahusu huku kwetu hukwama haraka kwenye swali la kama wapo kweli Afrika au wameletwa na intaneti. Mimi naona tumeanzia pabaya. Linalonishughulisha ni maumbo ya matini ambamo mtu wa namna hii angeweza kuonekana, na jinsi kila umbo linavyomgeuza kuwa kitu kingine kabla hajafungua kinywa.

Dodoso nalisoma kama ninavyosoma utungo wowote. Lina msimulizi asiyejitaja, lina mpangilio wa matukio, na lina mahali linaponyamaza. Msuko wake ni wa maisha yanayoanzia kwenye tendo: likishatokea ndipo yanafuata ndoa, mimba, kinga, maradhi. Dodoso la mfano lililotumika katika nchi nyingi miaka ya 2000 lilithubutu hata kufasiri ukimya huo. Vijana waliosema hawajawahi waliulizwa kama wanakusudia kungoja mpaka wafunge ndoa. Hapo dhana imejifichua yenyewe: asiyefanya anangoja. Kwingineko, anayesema hatumii njia ya kupanga uzazi huulizwa sababu, na jibu la kutojamiiana limepangwa katika fungu moja na kukoma hedhi na kunyonyesha. Limewekwa miongoni mwa hali za mwili, mbali na fungu la watu wenye msimamo, ambalo ndani yake yumo mume anayepinga na dini inayokataza.

Lakini tusiwaonee watu wa takwimu. Hawakuibuni dhana hii. Ilikuwa imekwisha kupangwa, tena kwa ufundi mkubwa kuliko wao, katika ngano ya binti aliyekataa wachumba. Ni ngano ya bara zima. Amos Tutuola wa Nigeria aliiingiza katika riwaya yake ya The Palm-Wine Drinkard ya mwaka 1952, ambamo bwana mzuri aliyemvutia binti anarudisha viungo vya mwili alivyoazima, kimoja kimoja, njiani kwenda kwao. Huku kwetu bwana huyo kwa kawaida ni zimwi, na mara nyingine simba au nyoka.

Muundo wake kila aliyesoma fasihi simulizi ya shule anaujua. Paukwa, pakawa. Palikuwa na binti mzuri kupita kiasi. Anakuja mchumba wa kwanza, anakataliwa kwa sababu miguu yake ni myembamba. Anakuja wa pili, pua yake ni kubwa. Wa tatu ana kovu. Hapa ndipo fanani anapofaidi: anaigiza mwendo wa kila mchumba na sauti ya kila mshenga, na hadhira inavunjika mbavu. Kisha siku ya ngoma anatokea mgeni asiye na doa mwilini, na binti anamfuata siku hiyohiyo. Mdogo wake, ambaye kwa kawaida ana upele na hakuna anayemjali, anawafuata kwa siri. Mgeni ni zimwi. Anayemwokoa dada ni yule mdogo.

Watu husimama kwenye funzo, kwamba kiburi si maungwana. Funzo si kitu. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulibandika mwishoni. Hoja ya ngano hii imo katika mpangilio wake. Angalia takriri ya kukataa. Kila "hapana" ni kubwa kuliko iliyotangulia, na kila moja inakuja na sababu, na kila sababu ni kasoro ya mchumba. Msimulizi hamwachii binti nafasi ya kukataa bure. Ni lazima akatae kwa sababu, maana sababu hizo zikijumlishwa ndizo zinazochora umbo la mgeni atakayekuja: miguu iliyojaa, pua ya kiasi, ngozi isiyo na kovu. Binti amekuwa akimtengeneza zimwi kwa maneno yake mwenyewe. Na anapoinuka kumfuata, ngano imethibitisha ilichotaka: kwamba kukataa kote kule kulikuwa ni kutamani kulikojificha. Hakuna asiyetaka, yuko anayechagua sana.

Uzuri wake pia una kazi. Ngano haianzi na msichana wa sura ya kawaida, kwa sababu kukataa kwa mtu asiyetakwa hakuhesabiwi. Ili "hapana" yake isikike, sharti kwanza wanaume wapange foleni.

Ukitaka kujua umbo linabeba nini, libadilishe jambo moja uone kitakachoanguka. Mchumba wa kwanza anakuja. Binti anasema, asante, sitaki. Miguu yake ina nini? Haina kitu, ni miguu mizuri. Anakuja wa pili. Pua yake? Nzuri. Basi tatizo nini? Hakuna tatizo. Tayari fanani ameishiwa, kwa sababu hana cha kuigiza. Siku ya ngoma mgeni asiye na doa anafika, anacheza mpaka vumbi linatimka, na binti anamtazama mpiga ngoma kwa kuwa anapenda ngoma. Jioni anarudi nyumbani na mdogo wake. Zimwi linakwenda zake na njaa.

Hiyo si ngano tena. Imekosa fumbo, imekosa hatari, imekosa mwisho. Na mkulima wetu wa Njukini anaishi humo ndani ya hadithi iliyokataa kusimama. Ndiyo maana shangazi hawezi kumwelewa. Shangazi ni msikilizaji mzuri, amelelewa na ngano, na anachouliza ni kile ambacho umbo linamruhusu kuuliza: huyu naye ana kasoro gani? Na wa juzi je? Anatafuta sababu ili apate kumchora mgeni.

Mwanamume hakutungiwa ngano ya namna hii, ametungiwa uvumi. Asiyeoa husemwa kwamba jogoo wake hapandi mtungi, na basi, kesi imekwisha.

Kuna utungo mmoja wa zamani unaokwenda njia nyingine kabisa, na sijaona ukisomwa kwa jicho hili. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mnamo 1858 katika pwani ya kaskazini, upande wa Pate. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane na mgonjwa, anamuusia bintiye Mwana Hashima jinsi ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Watetezi wa haki za wanawake wameushambulia kwa utiifu unaouhubiri, na wana hoja. Lakini tazama hali ya vitenzi vyake. Unakwenda kwa amri: fanya hivi, usifanye vile. Jipambe, mpepee, mkande, usimwamshe akilala. Mapenzi ya mwili yanaingizwa humo pamoja na usafi wa nyumba na adabu ya maneno, kama kazi yenye mbinu zake, inayofunzwa na mama kwa mwana. Amri haiulizi unajisikiaje. Mwana Hashima hatakiwi kutamani, anatakiwa kujua.

Kwa mtu asiyevutiwa kingono umbo hilo lina nafasi ambayo ngano haina. Angeweza kukaa ndani ya ule utendi maisha yake yote bila mtu kumshuku, na bila yeye mwenyewe kujidhani mgonjwa. Nadhani wengi walikaa hivyo, pwani na bara, katika ndoa zilizopangwa na wazee ambamo hakuna aliyetarajia ashiki itangulie. Nafasi hiyo ilikuwa na bei, nayo ni kwamba kama vile amri isivyouliza kutaka, haiulizi kutotaka pia. Siwezi kuisifu. Nasema tu kwamba wazo la kuwa kila mtu mzima lazima awe na matamanio, na asiyekuwa nayo amepungukiwa, halimo katika utendi huo, na wanaodai kwamba wazo hilo ndilo mila yetu ya tangu na tangu wausome upya.

Nadhiri ya watawa ni umbo jingine linalodhaniwa kuwa kimbilio. Eneo la Kilimanjaro, pande zote mbili za mpaka, linawajua masista vizuri, na kila familia ya Kikatoliki yenye binti asiyetaka kuolewa imewahi kushauriwa ampeleke utawani. Ushauri huo haujaisikiliza nadhiri inavyosema. Nadhiri ni tendo la kutoa, na hutolewa kitu chenye thamani kwa mtoaji. Useja wa mtawa una uzito kwa kuwa kuna alichokiacha mlangoni. Asiyekuwa na cha kuacha akiingia humo, anatamka maneno makubwa juu ya mkono mtupu.

Sheria nayo? Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, kifungu cha 12, inampa mwanandoa ruhusa ya kuomba ndoa ibatilishwe iwapo mmoja wao, tangu siku ya ndoa hadi leo, hana uwezo wa kukamilisha tendo la ndoa. Kigezo hapo ni uwezo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inaongeza na kukataa kwa makusudi. Mtu mwenye uwezo, asiyekataa kwa makusudi, ambaye hakuvutiwa tu, hana mstari wake katika masharti hayo. Kesi yake ikifika kwa hakimu huenda ikabidi ivae nguo ya ukatili au ya ndoa iliyovunjika kabisa.

Historia ya utambulisho wenyewe, kwa upande wa Magharibi ulikopata jina, ni historia ya kutafuta umbo. Alfred Kinsey, katika kitabu chake cha mwaka 1948, alipanga watu kwenye mizani ya 0 hadi 6, kuanzia wanaovutiwa na jinsia nyingine tu hadi wanaovutiwa na jinsia yao tu. Wasioitikia upande wowote aliwapa herufi X. Namba zote zilikaa kwenye mstari. X ilikaa nje, katika maelezo. Mwaka 1972 huko New York, Lisa Orlando na wenzake wa harakati za wanawake walitoa tamko la aseksuali: kwao kujitenga na ngono kulikuwa ni azimio la kisiasa, na tamko, kwa umbo lake, lazima liwe na azimio. Myra Johnson aliandika mwaka 1977 juu ya wanawake wasioonekana na upande wowote. Mwaka 1980 Michael Storms aliuvunja mstari wa Kinsey akachora mraba wenye pembe nne, na kwa mara ya kwanza asiyevutiwa na yeyote akawa na kona yake sawa na wengine. David Jay alipoanzisha AVEN, mtandao wa aseksuali, mwaka 2001, hatimaye walikutana wenyewe kwa wenyewe. Bendera ya nyeusi, kijivu, nyeupe na zambarau ikafuata mwaka 2010.

Hayo yapite. Ninapotaka kukaa ni penye sentensi moja tu ya dodoso la Uingereza.

Mwaka 1990 na 1991, kwa hofu ya UKIMWI, watafiti waliwahoji Waingereza zaidi ya 18,000 kuhusu maisha yao ya kingono. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa imekataa kuugharimia utafiti huo mwaka 1989. Shirika la Wellcome Trust ndilo lililolipa. Miongoni mwa maswali kulikuwa na moja lililouliza mhojiwa amewahi kuvutiwa na nani, na majibu yakapangwa: wanawake tu, wanaume tu, zaidi hawa kuliko hawa, na kadhalika. Mwisho wa orodha palikuwa na jibu la kwamba sijawahi kuvutiwa kingono na mtu yeyote.

Lilinganishe na 00. Hili ni sentensi nzima. Lina nafsi, na nafsi hiyo ni ya kwanza. Linataja hisia, halitaji tendo, kwa hiyo bikira na mzazi wa watoto watano wote wanaweza kulichagua. Limekaa ndani ya orodha moja na majibu mengine, katika safu ileile, bila kupewa herufi ya pembeni. Halitaki sababu. Na likichaguliwa, mahojiano hayamruki mtu.

Walioliweka pengine walitaka tu orodha isiwe na pengo. Hakuna aliyekuwa akiwatafuta watu hawa. Majibu yalilala katika takwimu zaidi ya miaka 10, mpaka Anthony Bogaert wa Chuo Kikuu cha Brock, Kanada, alipoyafungua na kuchapisha matokeo mwaka 2004: watu 195, kama asilimia 1. Duru iliyofuata ya utafiti uleule ilitoa kiwango kidogo zaidi, na wataalamu wanabishana bado. Kilichonivutia si hiyo asilimia. Ni kwamba si wachache kati ya hao 195 walikuwa na wenzi au waliwahi kuwa nao, ikimaanisha kwamba dodoso la matendo lisingewaona hata mmoja wao. Na ni kwamba waliweza kufukuliwa kwa sababu walikuwa wameandikwa. Dodoso lingewaruka, Bogaert asingekuwa na pa kuchimba.

Utabibu ulijifunza polepole. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, katika toleo la 5 la mwaka 2013, unaeleza kwamba mtu ambaye maisha yake yote hana matamanio asihesabiwe mgonjwa ikiwa anajitambua kuwa aseksuali. Ni hatua, lakini soma ilivyojengwa. Mlango umefunguliwa kwa aliyekwisha kulijua jina. Mwanamke wa Njukini ambaye hajawahi kulisikia akipelekwa kliniki na shangazi yake, hali yake ikiwa ni ileile, atabaki upande wa wagonjwa iwapo hali hiyo inamtia huzuni. Na huzuni yenyewe ataipata wapi kama si kwa huyo shangazi?

Sasa, je, orodha ya Waingereza inaweza kuletwa mlangoni Njukini kama ilivyo? Haiwezi, na ni vizuri kusema wazi kwa nini. Majibu yale yanafichua pia nani anavutiwa na jinsia yake. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado kinaadhibu mahusiano ya kingono ya jinsia moja. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Mhojaji wa serikali akisimama na orodha hiyo kwenye boma la mtu, anamwalika mhojiwa ajitie hatarini au adanganye. Jibu la asiyevutiwa limefungiwa chumba kimoja na majibu mengine yasiyoulizika, na ndiyo sababu mojawapo halionekani. Aseksuali wa Kenya hawawezi kuhesabika vyema huku mashoga wakiogopa kuhesabiwa.

Lakini KNBS si mgeni wa kurekebisha umbo. Katika sensa ya mwaka 2019 swali la jinsia lilipewa chaguo la tatu, na Wakenya 1,524 wakahesabiwa kuwa huntha kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi. Hao ni watu wengine, suala lao ni la maumbile, na idadi yenyewe pengine ni ndogo kuliko ukweli. Hata hivyo ilitosha kuwatoa kwenye uvumi na kuwaweka kwenye jedwali.

Ninachoomba kwa duru ijayo ya utafiti wa afya ni kidogo kuliko hicho. Baada ya 00, kabla kishikwambi hakijaruka, liwekwe swali moja: je, umewahi kutamani? Waulizwe hilohilo na walioolewa. Majibu yawe ndiyo, hapana, na sitaki kujibu. Swali hilo halitaji jinsia ya mtu yeyote, na halimgusi yeyote kwa kifungu cha 162.